Picha ya watoto wote pamoja: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Lamu

Idi ikikaribia, na Mfungo Sita ukiandama tukaanza kujiandaa kwa Maulidi, maswali huwa yale yale. Watoto wamevaa wakapendeza, wa Mombasa na wa Nairobi wamerudi nyumbani, mabinamu wamekutana kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, na picha iliyopatikana haioneshi hata nusu ya furaha ile. Mimi hupiga picha za harusi na shughuli za nyumbani, upande wa wanawake, na watoto daima huwa upande wetu. Haya ndiyo ninayowajibu jamaa na majirani. Wengi mnapiga kwa simu, kwa hivyo majibu mengi ni ya simu. Mwenye kamera atapata chake humo humo.

Tupige saa ngapi?

Baada ya sala ya Alasiri. Kama una subira ya kusoma jibu moja tu, soma hili.

Mji wetu uko nyuzi 2 na ushei tu kusini mwa ikweta. Mchana jua husimama karibu na utosi mwaka mzima, na jua la utosini linaharibu uso wa mtoto: macho yanaingia kizani, pua inatupa kivuli mdomoni, na mwenyewe anakunja uso kwa sababu mwanga unamuuma. Kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka saa 9 mchana waacheni wacheze kivulini.

Ikipita Alasiri tuna bahati ambayo wengi hawaioni. Mji umeelekea mashariki, unakitazama kisiwa cha Manda. Jua likiinama nyuma ya mji, nyumba za mbele hutupa kivuli chake juu ya barabara ya pwani, huku mbingu juu ya maji bado ni nyeupe. Wakalisheni watoto wameelekea maji. Mwanga wa mbingu ile pana unawafikia usoni bila makali, na hakuna anayefinya macho. Mpiga picha ndiye anayeipa bahari mgongo, basi asirudi nyuma hata hatua moja bila kugeuka kutazama ukingo. Punda wenye mizigo nao hupita hapo hapo. Awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia njia tu.

Asubuhi ya Idi pwani hiyo hiyo ni kinyume. Jua linatoka upande wa Manda na kuwapiga watoto machoni, kwa hivyo ingieni mitaani, kwenye vichochoro. Wala msingoje mpaka Magharibi iwe karibu. Kwetu kiza hakichelewi. Muda mfupi tu baada ya jua kuzama simu tayari inahangaika, na wazee hawapendi watoto wawe nje wakati huo.

Nyumba yetu ina giza. Ndani tupige wapi?

Kwenye kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, ikiwa nyumba yenu ni ya zamani na kiwanda bado kipo. Kuta zilizopakwa chokaa hupokea mwanga wa juu na kuurudisha kutoka kila upande. Wapiga picha wa studio hununua vitambaa vyeupe na miavuli wakitafuta mwanga ambao mafundi wa nyumba za mawe waliwaachia nyinyi bure. Epukeni tu pale jua linapopiga sakafu moja kwa moja. Mtoto mmoja akiwa juani na mwenzake kivulini, simu haiwezi kuwaridhisha wote wawili.

Wasio na kiwanda wana daka, ukumbi mdogo wa mlangoni. Mimi napenda daka kuliko pahali popote mjini: baraza mbili za mawe, kivuli juu, mwanga wa njiani mbele, mlango wa nakshi nyuma. Watoto hukaa hapo kwa hiari yao kwa sababu wamezoea kuwaona babu zao wamekaa. Shida yake ni kwamba baraza zinatazamana, basi watoto watageukiana wao kwa wao. Wakubwa wakae barazani, wadogo katikati kwenye kizingiti, na wote waambiwe waelekeze magoti njiani. Magoti yakigeuka, uso hufuata.

Kisha kuna wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba. Chini yake penyewe ni kiza, lakini ukimsimamisha mtoto ukingoni mwa kivuli kile, akatazama nje kwenye mwanga, nyuma yake panakuwa peusi na uso wake unang'aa peke yake. Kwa watoto watatu au wanne sijaona pazuri zaidi. Kwa kumi na watano hapatoshi, na mtawafungia watu njia.

Chumba chenye dirisha: watoto walitazame dirisha, wewe ulipe mgongo. Zima taa ya dari. Taa ya manjano na mwanga wa nje hugombana, na nyuso hutoka nusu rangi hii nusu rangi ile.

Watoto 18, na hakuna anayetulia. Nawapangaje?

Usiwapange kama foleni ya shule. Mstari mrefu hukulazimisha urudi nyuma mpaka kila uso unakuwa punje ya mtama. Wasongamane, mabega yagusane, vichwa vikaribiane.

Tandika mkeka. Mtoto wa miaka 3 haelewi ukimwambia "simama hapa", lakini mkeka anauelewa. Akiwa juu yake anajua kuna jambo na yeye yumo. Wadogo wakae mkekani, wa miaka 7 au 8 wapige magoti nyuma yao, wakubwa wasimame au wakae barazani. Ngazi tatu zinatosha. Kila kichwa cha nyuma kionekane baina ya vichwa viwili vya mbele.

Halafu kila mkubwa mkabidhi mdogo wake. Mwambie msichana wa miaka 10, "Huyu ni wako, mshike asiondoke," na utaona anavyokaa sawa yeye mwenyewe. Nimejifunza kutowapa ndugu wa tumbo moja: hao hufinyana. Mpe binamu anayempenda.

Vichanga huingia mwisho kabisa, wengine wote wakiwa wameshakaa. Na mama wa kichanga asisimame pembeni. Akisimama pembeni, mtoto atatoka pichani ametazama pembeni na mikono ameinyoosha. Mama akae nyuma ya mpiga picha, begani kwake, ili mtoto akimtafuta mamake aitazame kamera.

Yote haya yawe tayari kabla hujawaita: mahali umechagua, mwanga umeujaribu kwa mtu mzima mmoja, nafasi ndani ya simu ipo, lenzi umeifuta. Lenzi hasa. Simu iliyokuwa jikoni na mahamri ina mafuta ya vidole kwenye kioo, na picha hutoka kama imepigwa ndani ya mvuke. Kitambaa laini cha pamba, sekunde 3, basi. Watoto wadogo wanakupa dakika 2, pengine 3. Zikiisha, hata kama bado wamekaa, akili zimeshaondoka.

Na pigeni mapema, kabla ya halua na sharubati, kabla ya mkono wa Idi kugawanywa. Mtoto mwenye noti mkononi anafikiria duka. Ikiwa shughuli ni ya jioni, wadogo wawe wamelala mchana na wamekula kitu. Mwanga mzuri hauwezi kumsaidia mtoto mwenye usingizi.

Niseme nini wanitazame?

Usiwaambie wacheke. Mtoto aliyeambiwa acheke hukuonesha meno tu.

Mimi nasema "Paukwa!" Mtoto aliyelelewa kwetu akisikia neno hilo mdomo wake hujibu "Pakawa!" kabla hajafikiri. Macho yote yamekuja kwako na nyuso zimefunguka. Usibonyeze wakati wanajibu, kwa sababu midomo iko katikati ya neno. Bonyeza neno likishaisha, pale wanapongoja hadithi. Mara ya pili sema kwa sauti ya chini kama siri, nao watainamisha shingo mbele kusikiliza. Mara ya tatu waambie wao ndio waanze, halafu wewe ukosee jibu makusudi. Hapo kitatoka kicheko chao wenyewe, na mfululizo huo ndio utakaowapelekea bibi na babu. Wa miaka 6 hadi 10 wanapenda zaidi vitendawili. Ukisema "Kitendawili!" wote ni "Tega!", na uso wa mtoto anayetafuta jibu nao ni picha.

Lakini aite mtu mmoja. Hili nalirudia kila shughuli na kila shughuli lanishinda: mashangazi watano, simu tano, kila mmoja anaita "Nitazame mimi, mwanangu!" Matokeo ni watoto wanaotazama pande tano. Ombeni kwa upole kwamba mmoja apige kwanza, aite mmoja aliyesimama nyuma yake, na picha zitagawiwa kwa wote. Mwenye kuomba awe mkubwa wa familia. Mamkubwa akisema, simu hushuka.

Na shuka chini. Piga goti, au keti kabisa, mpaka lenzi iwe usawa wa macho ya watoto wa katikati. Ukipiga umesimama, unapata vichwa vikubwa, miguu mifupi, na shingo zilizokunjwa kukutazama juu.

Kila picha yuko aliyefumba macho, na mwingine katoka kama moshi.

Macho yaliyofumba hayaepukiki. Watoto 15 wakipepesa kila mmoja kwa wakati wake, picha moja haiwezi kuwapata wote wazi. Dawa ni kupiga nyingi. Simu nyingi zina njia ya kupiga mfululizo, kwa kushikilia kitufe au kukivuta pembeni. Ijaribu nyumbani kabla ya siku yenyewe. Piga 10 kila unapoita "Paukwa", kisha baadaye uchague. Siku hizi kuna programu za kuhamisha uso kutoka picha hii kwenda ile. Mimi sipendi, kwa sababu hupata picha ya dakika ambayo haikuwahi kuwepo, lakini sitamgombeza mama aliyeitumia.

Kutoka kama moshi ni jambo la mwanga mdogo. Giza likizidi, simu huacha lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono wa mtoto unakuwa umeshasogea. Kwa hivyo tunarudi kwenye mwanga. Zima pia hali ya usiku, kwani imetengenezwa kwa vitu visivyosogea na watoto si miongoni mwavyo.

Kwa wenye kamera: kasi ya kufungua na kufunga lenzi isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa watoto waliokaa, na 1/500 kwa wanaoruka. Tundu la lenzi liwe f/5.6 mpaka f/8 ukiwa na safu tatu, la sivyo safu moja itakuwa safi na nyingine zimefifia. Fokasi iweke kwenye macho ya safu ya mbele. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande inavyotaka. Chembechembe kidogo zinavumilika, uso uliotikisika hauna dawa.

Mtoto mmoja analia. Tusubiri?

Hapana, na asilazimishwe. Mpigeni pamoja na wengine akiwa analia, kisha mama amchukue. Mkimngoja, wale 17 walionyamaza wataharibika. Wala msimkemee wala kumtisha kwa polisi au kwa daktari wa sindano. Mtoto huyo Idi ijayo akiona simu imeinuliwa ataanza kulia mapema. Nimepiga picha za vilio ambazo wenyewe, sasa ni vijana, ndizo wanazoziomba kwanza.

Kanzu zimeungua weupe, nyuso zimekuwa giza. Kosa langu?

Ni tabia ya kamera. Hukisia kwamba kila inachokitazama, kwa wastani, ni cha rangi ya kijivu. Ukiwaweka watoto wenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso zinazama. Ukiwaweka mbele ya mlango wa nakshi uliokoza, inaongeza mwanga mpaka darizi ya kanzu inapotea.

Gusa uso wa mtoto mmoja kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kidole: juu kuongeza mwanga, chini kupunguza. Mbele ya ukuta mweupe ongeza kidogo, mbele ya mlango mweusi punguza kidogo. Ndani ya familia zetu rangi za ngozi ni nyingi, basi gusa uso wa yule mweusi zaidi uone kama macho na nyusi zake zinaonekana vizuri, ndipo upime wengine kwake. Nimeona picha nyingi mno ambazo mtoto mmoja tu ndiye aliyepotea kizani, na ni yule yule kila mwaka. Watoto huliona jambo hilo, hata wasiposema.

Mbona waliokaa pembeni wametanuka?

Umetumia lenzi pana, ile inayoandikwa 0.5 kwenye simu. Huvuta vitu vya ukingoni, na mtoto wa mwisho hupata kichwa cha tikiti. Rudi nyuma utumie 1, au 2 kama simu inayo na nafasi inaruhusu. Vichochoroni nafasi hakuna. Ndiyo sababu nyingine ya kuwasonganisha.

Usiku wa harusi je?

Mwako wa simu hufika mita 2 au 3 tu. Safu ya mbele inakuwa nyeupe kama unga, ya nyuma haipo. Bora mwenzako awashe tochi ya simu yake na kuielekeza kwenye ukuta mweupe au dari, mwanga urudi kwa watoto ukiwa umelainika. Tochi mbili ni bora kuliko moja. Lakini kama mnaweza, pigeni watoto kabla ya Magharibi, usiku muachieni bibi harusi.

Tunataka kwenda Shela, mchangani.

Nendeni. Mchanga ule mweupe hurudisha mwanga juu na kufuta vivuli vya usoni. Tazameni maji kwanza, kwa sababu yakijaa ufuo hubaki mwembamba, na saa mliyoukuta mchanga leo siyo ya kesho: maji huchelewa kwa kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, ongezeni tahadhari. Kusi ikivuma, leso na mitandio huwafunika watoto nyuso. Wageuzeni waelekee upepo, nywele na nguo zirudi nyuma. Mchanga ukiingia kwenye lenzi pulizeni kwanza ndipo mfute, mkianza kufuta mtaikwaruza.

Bibi naye awemo?

Awemo, na aingie mwanzo. Nasema hivi kwa uchungu wangu mwenyewe. Miaka ya nyuma tulimpiga bibi yetu na vitukuu vyake siku ya Idi pili. Tulihangaika na watoto mpaka yeye akachoka, na tulipomwita mwisho tukamweka pembeni kwenye kiti. Niliangalia watoto tu. Kwenye picha ile amekatwa: bega, nusu ya uso, mkono juu ya kichwa cha kitukuu. Idi iliyofuata hakuwepo. Sasa namkalisha bibi kwanza, katikati, kwenye kiti kizuri, na watoto wanamzunguka yeye. Tena hutulia, kwa sababu kwa bibi ndiko walikozoea kutulia.

Na mpiga picha naye ni mtu wa familia. Egemeza simu kwenye kidaka cha ukutani, kile kishimo cha kuwekea vitu, au kwenye rundo la vitabu, weka taima ya sekunde 10, ukimbie ukae.

Mama mmoja hataki mtoto wake apigwe. Na vipi kuhusu kuziweka mitandaoni?

Hataki basi hapigwi, na haulizwi sababu mbele za watu. Wengine wanachelea husuda, hasa kwa vichanga. Wengine wana mambo yao ya nyumbani. Mtoto huyo apewe kazi ya kuita "Paukwa", asibaki peke yake akitazama wenzake.

Upande wa wanawake angalieni nyuma ya watoto. Mara nyingi yupo dada aliyevua buibui, au kioo cha kabati kinachoonesha chumba kizima. Mimi huzunguka chumba kwa macho kabla sijainua kamera, nasema kwa sauti, "Napiga!", na baadaye natazama pembe zote za picha kabla ya kuituma popote. Picha yenye mwanamke ambaye hakujua naifuta pale pale, hata kama watoto wametoka vizuri namna gani.

Kuziweka hadharani ni ruhusa nyingine, mbali na ruhusa ya kupiga. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Matumizi ya nyumbani tu haiyaingilii, lakini mwenye studio anayetaka kutundika picha ya mtoto wenu kama tangazo lazima awaombe, na mna haki ya kukataa. Baina yetu wenyewe, muulizeni kila mzazi. Kundi la familia lenye watu 90 si chumba cha ndani tena.

Nikizituma kwa WhatsApp zinafifia. Na kuchapisha?

WhatsApp huibana picha ipungue ukubwa. Itume kama hati, itafika kama ilivyo. Kwa kuchapisha ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, picha iwe na angalau pikseli 1200 kwa 1800. Simu zote za sasa zinazidi hapo, mradi hukuikata sana wala hukuitoa kwenye kundi la familia ikiwa imeshabanwa mara tatu.

Na chapisheni, jamani. Simu huzama baharini, huibiwa, hufa. Chapisheni hata moja kwa mwaka, na nyuma yake andikeni kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya: majina kutoka kushoto, mtaa, na mwaka. Nyumbani kwetu kuna picha ya zamani ya watoto saba kwenye daka, wamevaa kofia, mmoja amemkumbatia mwenzake shingoni. Watano tunawajua. Hao wawili waliokumbatiana, hakuna aliyebaki wa kutuambia ni nani.